Rufaa Huandikwa Mahakama ya Chini

Liko wazo lililoenea miongoni mwa wananchi, na baadhi ya watumishi wa umma wenye elimu ya kutosha wanalo vilevile, kwamba kukata rufaa ni kuianza kesi upya mbele ya watu wakubwa zaidi. Mtu akishindwa katika mahakama ya wilaya hutoka nje akijifuta jasho na kuwaambia nduguze kwamba hakimu hakumwelewa, lakini huko juu watamwelewa. Huingoja siku atakayosimama mbele ya majaji watatu na kusimulia yote tangu mwanzo, awalete mashahidi aliowasahau, aonyeshe na hati ambazo hakuzionyesha. Siku hiyo haiji. Mahakama ya Rufani ya Tanzania haikuundwa kwa kazi hiyo, na mwananchi asiyeelezwa jambo hili mapema hulijua akiwa amekwisha kuuza ng'ombe na kiwanja kwa safari isiyofika kule anakodhani.

Majaji wa Rufani, isipokuwa kwa nadra sana na kwa sababu maalumu, hawapokei ushahidi mpya. Hawamwoni shahidi wala hawaisikii sauti yake. Hawajui kama alijibu upesi au alisitasita, kama alimtazama mshtakiwa usoni au aliinamisha kichwa. Kilicho mbele yao ni karatasi tu: hati ya mashtaka au hati ya madai, mwenendo wa shauri kama hakimu alivyouandika, vielelezo vilivyopokelewa, na hukumu. Hivyo basi maamuzi ya mahakama iliyo juu kabisa nchini hujengwa kwa udongo uliochimbwa Kasulu, Mbulu, Masasi au Wete, tena na watu ambao majina yao hayatajwi magazetini: karani wa masjala, hakimu mwenye kalamu, askari mpelelezi aliyeandika maelezo, mzee wa baraza, mpiga chapa. Wengi wao ni watumishi wa Serikali, na wengi walifundishwa kuandika na walimu wa shule za msingi ambao hadi leo wako darasani.

Mahakama yenyewe si kongwe. Wakati wa ukoloni rufaa ya mwisho ya mtu wa Tanganyika iliweza kuvuka bahari hadi London, kwa majaji wa Baraza la Mfalme wa Uingereza. Mlango huo ulifungwa nchi ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962. Kazi ya rufaa ikabaki kwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyozihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama hiyo nayo ilikufa, na taifa likawa na Mahakama Kuu isiyokuwa na kitu juu yake, hadi mwaka 1979 ilipotungwa Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Namba 15 ya mwaka huo. Marehemu Francis Nyalali, aliyekuwa Jaji Mkuu tangu mwaka 1977 hadi mwaka 2000, ndiye aliyeilea ikiwa changa. Ni chombo cha Muungano. Mahakama Kuu ya Zanzibar si ya Muungano, lakini rufaa zake huletwa hapo hapo, isipokuwa zile zinazohusu tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na zile za sheria ya Kiislamu zilizoanzia kwa Kadhi, ambazo huishia Zanzibar kwenyewe.

Majaji hukaa watatu, au zaidi ya hapo ilimradi idadi yao isigawanyike kwa mbili. Jambo likiwa zito kupita kawaida, au ikiwa Mahakama inaombwa kuuacha msimamo wake wa zamani, hukaa watano au hata saba. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba hakuna majaji wa rufani wa mauaji peke yao, wala wa ardhi peke yao, wala wa kodi. Jopo lile lile laweza kusikiliza asubuhi rufaa ya mtu aliyehukumiwa kunyongwa, kisha likahamia kwenye talaka na nyumba iliyojengwa na wanandoa, na kabla ya wiki kwisha likawa na kampuni inayogombana na mamlaka ya kodi juu ya maana ya neno moja katika sheria.

Jopo ni moja, ila sheria hailiruhusu kulitazama kila shauri kwa kina kile kile. Hapo ndipo penye siri ambayo mwananchi haelezwi. Kama Mahakama ya Rufani ndiyo ngazi ya kwanza ya rufaa, kwa mfano katika mauaji yaliyosikilizwa na Mahakama Kuu, mrufani anayo haki ya ushahidi wote kupimwa upya. Kanuni hiyo imerithiwa kutoka mahakama ile ya Afrika Mashariki, iliyoitamka wazi mwaka 1957. Lakini kama shauri lilianzia mahakama ya wilaya, likapita Mahakama Kuu na mahakama zote mbili zikakubaliana juu ya mambo yaliyotokea, Mahakama ya Rufani haitayagusa mambo hayo ila ikiwa ushahidi ulieleweka vibaya kabisa au sheria ilikiukwa. Huo ni msimamo wa mwaka 1981 na haujabadilika. Na lile lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, liwe la jinai au la madai, halipandi kabisa mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwa hati kwamba ndani yake imo hoja ya sheria. Ndiyo maana aliyehukumiwa kwa kuua huenda ushahidi wake ukapitiwa neno kwa neno, ilhali waliogombania mbuzi katika Mahakama ya Mwanzo wasipate ila jibu la swali moja. Huo si upendeleo. Uhai ukitoka haurudi, na mgogoro wa mbuzi uliokwisha kupimwa na hakimu, mahakama ya wilaya na jaji umepimwa vya kutosha.

Katika jinai Mahakama imekuwa kali tangu mwanzo wake. Mwaka 1980, ikiwa na mwaka mmoja tu, ilitoa uamuzi juu ya utambuzi wa mhalifu kwa macho ambao hadi leo hutajwa karibu katika kila kesi ya unyang'anyi wa usiku. Ushahidi wa namna hiyo, ilisema, ni dhaifu kuliko wote, na hakimu asiutegemee mpaka aridhike kwamba hapana uwezekano wa kukosea. Shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Palikuwa na taa, na mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani? Alikuwa akimjua kabla ya siku hiyo? Maswali hayo ni rahisi, hata mwanafunzi wa darasa la saba angeyauliza. Hata hivyo faili hupanda hadi juu likiwa na shahidi anayesema kwamba palikuwa na mwanga wa taa, basi. Mwendesha mashtaka hakuuliza ilikuwa taa ya namna gani, hakimu hakuuliza, na karatasi haina jibu. Majaji watatu hawawezi kuiwasha taa hiyo miaka sita baadaye.

Vivyo hivyo kuhusu vielelezo. Mwaka 2003 Mahakama iliweka utaratibu ambao hauhitaji shahada kuuelewa: hati inayotolewa kama ushahidi ikaguliwe kwanza kama inapokeleka, ipokewe, ndipo isomwe kwa sauti ili mshtakiwa ayasikie yaliyomo. Ungamo lililoandikwa polisi na kupokelewa bila kusomwa mahakamani hufutwa katika kumbukumbu, na mara nyingi likifutwa hilo kesi nzima huporomoka. Kadhalika dawa za kulevya, bunduki au pembe ya ndovu isiyoweza kuonyeshwa ilitoka mkononi mwa nani ikaenda kwa nani, tangu ilipokamatwa hadi ilipofikishwa mahakamani, yaweza kukosa thamani yote ya ushahidi.

Matokeo yake wananchi huyaona. Mtu waliyeamini kwamba ndiye aliyevunja duka anarudi kijijini baada ya kushinda rufaa, na papo hapo maneno huanza: majaji wamekula rushwa, mahakama inawapenda wahalifu. Mara nyingi sana kosa halikutendwa na majaji. Lilitendwa siku karatasi ilipowekwa mezani bila kusomwa, au siku askari alipokabidhi kielelezo bila kuandika alimkabidhi nani. Wapo wanaopendekeza kwamba mahakama ya juu iyafumbie macho mambo hayo ili mhalifu asitoroke. Wenye pendekezo hilo hawajiulizi itakuwaje siku ambayo karatasi isiyosomwa itakuwa na jina lao.

Msomaji atauliza: kwa nini basi kesi hiyo isirudishwe chini ikasikilizwe upya? Wakati mwingine hurudishwa. Lakini mwaka 1966 mahakama ya Afrika Mashariki ilikataza kurudisha kesi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake, na Mahakama ya Rufani ya leo inashikilia msimamo huo huo. Haifai mtu ashtakiwe mara mbili kwa sababu Jamhuri haikufanya kazi yake mara ya kwanza. Na hata pale inapostahili kurudishwa, ni nani atakayewatafuta mashahidi? Mmoja amefariki, mwingine amehamia machimboni, wa tatu amesahau. Mshtakiwa naye yuko gerezani. Huenda ana hatia na huenda hana, na hesabu ya miaka aliyokaa humo haimngojei mpiga chapa.

Hapa inafaa kusema wazi juu ya masjala. Rufaa haiwezi kusikilizwa bila nakala kamili ya mwenendo. Ukurasa mmoja ukikosekana, hasa ule wenye ushahidi wa shahidi mkuu, shauri husimama. Faili likipotea kabisa, huanza kazi ya kukusanya vipande kutoka kwa mwendesha mashtaka, wakili, gereza na mahakama ya chini ili lijengwe upya, na lisipojengeka majaji huwekwa njia panda: kumwachia mtu aliyepatikana na hatia, au kumweka ndani mtu ambaye hatia yake haiwezi tena kukaguliwa. Karani aliyeliacha faili juu ya kabati linalovuja hakudhani kwamba alikuwa akiamua rufaa. Kumbe alikuwa akiamua.

Katika mashauri ya ardhi ubaya wa jambo hili unaonekana kwa namna nyingine. Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hukaa na wazee wa baraza, ambao sheria inawataka watoe maoni yao kabla ya hukumu. Kanuni zinataka maoni hayo yaandikwe, na kwa hisani ya watungaji wake zinamruhusu mzee kuyaandika kwa Kiswahili. Mwaka 2018, katika mashauri yaliyotoka Mbeya, Mahakama ya Rufani ilikuta kwamba wenyeviti waliandika katika hukumu zao kuwa wameyazingatia maoni ya wazee, lakini maoni yenyewe hayakuwamo katika faili wala hapakuwa na dalili kwamba wadaawa waliwahi kusomewa. Ikayafuta yote na kuamuru yaanze upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Tangu hapo mashauri mengi ya ardhi yamekwisha kwa mtindo huo. Watu wamebishana miaka minane juu ya mpaka wa shamba, wamelipa mawakili, wamegombana na shemeji zao, na mwishoni wanaambiwa kwamba hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa kwa sababu kikosekanacho ni nusu karatasi iliyoandikwa na mzee.

Ni kweli kwamba ardhi imeipa Mahakama hii mojawapo ya hukumu zake bora. Mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kuzifuta haki za ardhi za kimila katika maeneo yaliyohusika na uanzishaji wa vijiji, na kuyazuia mashauri yake yasisikilizwe mahakamani. Baba na mwanawe kutoka wilaya ya Mbulu waliipinga. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakaamua kwamba haki ya mkulima juu ya ardhi ya mila ni mali, mali hiyo inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kumnyang'anya bila fidia ya haki ni kinyume cha Katiba. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya watu wake hawana hati yenye muhuri, uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko hotuba nyingi zilizotolewa juu ya mkulima. Lakini nao usingewezekana kama waliodai haki hiyo hawakuweka madai yao sawasawa tangu chini.

Juu ya ndoa, Mahakama ilisema neno lake mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama, inapovunja ndoa, kuigawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, ikiutazama mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi. Je, mwanamke aliyepika, aliyefua na kulea watoto, asiyelipwa mshahara hata siku moja, amechangia? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Katika Rufaa ya Madai Namba 9 ya mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba ndiyo, kazi ya nyumbani ni mchango. Walimu wa uraia hulifundisha jambo hili wakilikata nusu, kwa hiyo inafaa nusu ya pili itajwe: mwanamke aliyekata rufaa hiyo hakupata kitu. Kanuni aliishinda, lakini mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi wa familia na mradi haukuanzishwa, na Mahakama ikaona kwamba sehemu yake alikwisha kuipata. Mtu mmoja alirudi mikono mitupu, na maelfu ya wanawake waliokuja baada yake wakapata haki kwa jina lake. Rufaa zina tabia hiyo, na haifai kumficha mwananchi.

Kazi na kodi zina masharti magumu zaidi. Aliyeachishwa kazi akapitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kisha Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu, anaweza kufika Mahakama ya Rufani kwa hoja ya sheria tu. Kampuni iliyotoka Bodi ya Rufani za Kodi hadi Baraza la Rufani za Kodi nayo ni hivyo hivyo. Kama mwajiri alimtukana mfanyakazi au hakumtukana, kama mauzo yalikuwa haya au yale, mambo hayo yameishia chini. Na watumishi wa umma, wakiwamo walimu, wana jambo la kuwahusu zaidi: tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma hana budi kumaliza kwanza ngazi za rufaa zilizomo ndani ya utumishi wenyewe kabla ya kugusa mlango wa sheria za kazi. Hoja ya mamlaka yaweza kuibuliwa wakati wowote, hata siku ya mwisho mbele ya majaji watatu, nao waweza kuiibua wenyewe. Mwalimu aliyeachishwa kazi akaingia mlango usio wake anaweza kushinda mara mbili chini na kupoteza kila kitu juu, bila hata mtu mmoja kusema kwamba aliachishwa kwa haki.

Mashauri ya Katiba ndiyo yanayosikika zaidi redioni, ingawa kwa idadi hayafui dafu mbele ya rufaa za jinai. Mwaka 1991 Mahakama ilibatilisha kifungu kidogo cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilichonyima dhamana, ikaweka kipimo kinachotumika hadi leo: sheria inayopunguza haki ya mtu isiwe ya kidhalimu, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isikate zaidi ya inavyolazimu. Mwaka 1993 ikafuta sharti la kuomba kibali cha Serikali kabla ya kuishtaki Serikali hiyo hiyo. Bunge likaweka mahali pake taarifa ya siku 90. Mwaka 1995 ikakubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa manufaa ya umma. Mwaka 2010 majaji saba walisema suala la mgombea binafsi ni la Bunge, si la mahakama, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikaliona jambo hilo hilo kwa jicho tofauti. Mwaka 2020 majaji watano walikubali kwamba kifungu cha makosa yasiyo na dhamana hakivunji Katiba. Mtu anayeziweka hukumu za mwaka 1991 na 2020 sambamba atakuwa na maswali, na ni haki yake kuwa nayo. Lakini azisome kwanza. Hukumu hizo sasa zimo katika mtandao wa TanzLII, hazilipiwi, na mwalimu mwenye simu anaweza kuzifungua akiwa Namtumbo.

Yapo malalamiko ya muda mrefu kwamba Mahakama ya Rufani iliabudu utaratibu. Yalikuwa na msingi. Kwa miaka mingi rufaa iliweza kuondolewa kwa sababu tarehe ya hati ya kukazia hukumu haikulingana na tarehe ya hukumu yenyewe, kosa ambalo lilifanywa na ofisi ya mahakama, na aliyeadhibiwa akawa mrufani. Mwaka 2000 Katiba iliongezewa ibara ya 107A, inayozitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka 2018 Sheria ya Mamlaka ya Rufani yenyewe ikaongezewa lengo kuu la kuamua mashauri kwa haki, kwa haraka na kwa gharama nafuu. Tangu mwaka 2019 kanuni zinamruhusu mrufani, kwa idhini ya Mahakama, kuongeza hati iliyokosekana. Na mwaka 2023 sharti la kuomba kwanza ruhusa ya kukata rufaa ya madai likaondolewa.

Hayo ni mabadiliko mema. Wako lakini mawakili, na wako maofisa wa sheria serikalini, walioyapokea kama cheti cha uvivu. Kila wakichelewa hutaja lengo kuu, na kila wakikosea hutaja ibara ya 107A. Mahakama imewajibu mara nyingi kwamba kanuni hizo hazikuja kuvunja masharti ya msingi. Muda ni muda. Katika maneno ya Katiba mnamo neno kupita kiasi, na neno hilo halikuwekwa kujaza ukurasa.

Limebaki suala la lugha, ambalo huenda ni kubwa kuliko yote yaliyotajwa. Katika Mahakama ya Mwanzo shahidi husema Kiswahili na hakimu huandika Kiswahili. Katika mahakama za juu yake, kwa miaka mingi, shahidi alisema Kiswahili, au Kisukuma kwa mkalimani, na hakimu akaandika Kiingereza papo hapo, akiwa ndiye mwamuzi, mfasiri na mwandishi kwa wakati mmoja. Mwanamke anasema: usiku ule nilimtambua. Mwingine anasema: yule namfahamu. Kila mwenye Kiswahili anajua kwamba hayo si mamoja. Wa kwanza anasema alimwona tukioni akajua kuwa ndiye, wa pili anasema tu kwamba ni mtu wa mtaani kwake. Kwa Kiingereza cha haraka, mkono ukiuma na joto likizidi, yote mawili yameandikwa kwa neno moja. Faili linapanda. Majaji wanalisoma neno hilo na kulipima kwa kipimo cha mwaka 1980, wakati neno alilolitamka shahidi limekwisha kupotea na hakuna anayelikumbuka, hata yeye mwenyewe.

Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki itakapohitaji. Mahakama pia imeanza kutumia mitambo ya kunasa maneno ya shahidi na kuyageuza kuwa maandishi. Kasi ya utekelezaji ndiyo inayotia shaka. Sheria nyingi bado ziko kwa Kiingereza, mawakili wamezoea kunukuu, na wapo wanaoona kwamba hukumu iliyoandikwa kwa lugha ya mshindwa inapungua hadhi. Fikra hiyo ni masalia ya ukoloni na haina sababu ya kuvumiliwa katika nchi iliyoendesha Bunge lake kwa Kiswahili kwa miaka yote hii. Mtu aliyepoteza shamba anastahili angalau kujua, bila kumlipa mfasiri, alilipoteza kwa nini.

Baada ya hukumu ya Mahakama ya Rufani hakuna ngazi nyingine ndani ya nchi. Mahakama yenyewe inaweza kuitazama upya hukumu yake ikiwa maombi yameletwa ndani ya siku 60, lakini kwa sababu chache sana: kosa lililo wazi usoni mwa hukumu na lililoleta dhuluma, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, uamuzi kuwa batili, kukosekana kwa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa udanganyifu. Kutoridhika si mojawapo.

Basi yafaa kila ofisi ya mahakama ya wilaya, kila gereza, na hata mbao za matangazo za halmashauri, zibandike kwa Kiswahili mambo machache ambayo mwananchi huyakosa kwa kutoambiwa. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Katika shauri la madai, rufaa yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Barua ya kuomba nakala ya mwenendo ipelekwe ndani ya siku 30 tangu hukumu, na nakala ya barua hiyo apewe mdaawa wa upande wa pili. Asipofanya hivyo, siku ambazo ofisi ilimchelewesha hazitaondolewa katika hesabu yake. Karani anayeipokea agonge muhuri wenye tarehe, aweke saini, na amrudishie mwenye barua nakala yake siku hiyo hiyo.